Upepo wa Shavu la Kushoto

Bamurange alianza kukimbia kwa sababu basi halikuja. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, mwaka 2014, naye alikuwa ametoka kazini katika nyumba ya wazee huko Whitehall, pembezoni mwa mji wa Columbus, Amerika, alikokuwa akiwaogesha wazee, akiwavalisha na kuwalisha. Darasa lilikuwa linaanza saa tisa kanisani, maili nne kutoka hapo. Alisubiri mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Kisha akakaza kamba za viatu vya kazi, akavaa mkoba mgongoni na kushika njia. Alipoingia darasani, Kananu, aliyekuwa akifundisha, alikuwa bado anafuta ubao. Akamuuliza ni nani aliyempa lifti. Bamurange akasema hakupewa lifti na mtu, amekuja kwa miguu yake. Kananu akatazama saa ya ukutani, akamtazama na yeye, ambaye hata kuhema hakuwa akihema.

Kananu alikuwa mwanamke Mmeru wa Kenya, mwenye miaka ishirini na tisa, aliyekuja Columbus kusomea shahada ya udaktari katika elimu ya udongo. Alipanga chumba karibu na chuo, na kila Jumamosi aliwafundisha kina mama wa Kikongo sheria za barabarani ili wapate leseni ya kuendesha gari, maana katika mji ule asiye na gari ni kama hana miguu. Bamurange alikuwa amekwisha kuanguka mtihani huo mara mbili. Mara ya tatu akafaulu, na tangu siku hiyo hakumwita Kananu kwa jina. Alimwita Mwalimu, ingawa alimzidi miaka saba. Kananu naye alimwita Mama Alliance, kwa jina la binti yake mkubwa.

Majira ya joto yalipofika wakawa wanakimbia pamoja, mara tatu kwa wiki, kandokando ya kijito. Watu wa kanisani walipowaona walidhani Mkenya ndiye anayemfundisha Mkongo kukimbia. Kananu alicheka akawaambia kwamba shuleni kwao alikuwa akijificha chooni siku ya michezo, na kwamba alianza kukimbia baada ya daktari wa chuo kumwonya kuhusu shinikizo la damu. Bamurange ndiye aliyekuwa na miguu. Alizaliwa kwenye nyanda za juu za Minembwe, mashariki mwa Kongo, mahali pa baridi na majani marefu, na utotoni alitumwa nyuma ya ng'ombe asubuhi, akarudi jioni. Baadaye vita vikaja, akatembea tena, safari hiyo bila ng'ombe.

Mwezi wa tisa Kananu alikuja na karatasi aliyoichapisha chuoni. Kulikuwa na mashindano ya vilima wakati wa baridi, mara tatu katika msimu mmoja: mwezi wa kumi na mbili kusini mwa Louisville, mwezi wa kwanza kwenye vilima vilivyo mwendo wa saa moja kutoka Columbus, na mwezi wa pili kusini mwa Buffalo. Watu walikimbia wawili wawili. Njia haikuwekwa alama. Kila jozi ilipewa ramani na kadi, na kwenye kila kituo kulikuwa na kisanduku chenye kitobozi. Unatoboa kadi yako, unaendelea. Mmoja akishindwa, wote wawili wameshindwa. Kituo cha mwisho kina saa ya kufungwa, na ukichelewa hapo umekwisha. Mwenye kumaliza yote matatu alipewa medali ya chuma ndogo kama kifungo cha koti. Kananu aliitaka medali ile kwa namna ambayo Bamurange hakuielewa, lakini alielewa kutaka.

Ezéchias, mume wa Bamurange, aliyekuwa akipanga maboksi katika ghala moja, alisikiliza habari yote mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu: ni nani anayewafukuza? Bamurange akasema hakuna. Ezéchias akasema basi yeye haelewi, lakini gari atalitia mafuta.

Louisville Bamurange aliifahamu. Huko ndiko familia ilikofikia kwanza ilipotoka kambi ya wakimbizi, na shemeji yake, Eliezer, alikuwa bado anaishi kule. Bamurange na Kananu walilala kwake, wakaamka alfajiri, wakakimbia maili ishirini za udongo mwekundu ulionyeshewa siku tatu mfululizo. Vilima vilikuwa vifupi, vya kukaba roho. Kananu alianguka mara tano akacheka mara nne. Walimaliza wakinuka tope, na Eliezer akawakataza kuingia ndani kabla ya kumwagiwa maji ya bomba uani, kwenye baridi ile ile.

Ya Columbus yalikuwa barafu tupu. Walifunga minyororo midogo chini ya viatu na kushuka magenge kwa makalio. Huko kila mtu alikuwa akimfuata mwenzake kwa alama za nyayo kwenye theluji, hivyo ramani ilikaa mfukoni karibu siku nzima. Wakamaliza, zikiwa zimebaki dakika ishirini. Njiani kurudi Kananu aliimba tenzi za Kimeru mpaka Whitehall, nyumbani kwa Bamurange.

Ikabaki Buffalo.

Waliondoka Ijumaa, wakaendesha saa tano na zaidi kandokando ya ziwa lililokuwa limeganda. Walifikia kwa Clémence, mama wa Bukavu ambaye Bamurange alikaa naye hema jirani kambini, na ambaye sasa alikuwa akikaa upande wa magharibi wa mji. Theluji ya Buffalo mwaka ule ilikuwa ya kutisha. Mbele ya nyumba ya Clémence ilifika kwenye madirisha, na mlango ulikuwa umechimbiwa njia kama shimo la panya. Clémence aliwapa chakula, akawaombea, na kuwaambia wazi kwamba wana wazimu.

Jumamosi saa moja asubuhi walikuwa wamesimama mlimani pamoja na jozi nyingine ishirini na kitu. Mwanamume mmoja mwenye ndevu zilizoganda alipanda juu ya gari akatoa maelezo. Maili ishirini na sita. Kituo cha sita kinafungwa saa kumi jioni, wala hatamsikiliza mtu. Upepo utatoka magharibi, ziwani, siku nzima, na juu kwenye uwanda hakuna mti wa kuuzuia, kwa hiyo wafunike masikio.

Nusu ya kwanza walikwenda vizuri. Walifuata barabara za msituni na nyayo za waliotangulia, wakatoboa kadi vituo vinne. Kati ya kituo cha tatu na cha nne walipita pipa la buluu lililotobolewa na risasi za wawindaji, na Kananu akafanya mzaha kwamba huyo naye ametobolewa kadi. Saa sita na nusu walikuwa kituo cha nne, wakala mkate wenye siagi ya karanga uliokuwa mgumu kama kuni, kisha wakapanda uwandani.

Bamurange alipofika juu alisimama kidogo. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba Amerika ina mahali kama hapa. Ilikuwa ardhi pana iliyoinuka na kushuka, mashamba ya zamani yaliyoachwa, isiyo na mti wala nyumba. Majani makavu yalikuwa yamesimama juu ya theluji kwa mafungu mafungu, na kati ya fungu na fungu mguu unazama mpaka gotini. Chini ya theluji kulikuwa na maji. Ungemtoa mtu Minembwe amefungwa macho ukamweka pale, angeanza kutafuta ng'ombe wake.

Ramani ilisema waelekee kaskazini maili tatu. Kwa nusu maili walifuata ua wa waya, na upepo ulikuwa ukimpiga Bamurange kwenye shavu la kushoto kwa ukali hata jicho la upande huo likawa linatoa machozi. Halafu ua ukaisha penye tope kubwa ambalo halikuwa limeganda. Wakalizunguka, wakirudi nyuma, wakienda mbele, wakitafuta pa kukanyaga. Walipokuwa humo, ukungu ulishuka na theluji ikaanza kuanguka. Walipotoka upande wa pili, hawakuona kitu zaidi ya hatua thelathini. Saa ya mkononi ya Kananu, iliyokuwa ikionyesha njia kwa setilaiti, ilikuwa imezimika kwa baridi. Lakini Kananu hakubabaika. Alifungua mfuko wa kifuani, alimoweka simu, akatoa dira, akaisubiri itulie, akanyoosha mkono.

"Kaskazini ni hapa," alisema. "Twende."

Wakaenda. Hatua ya kumi haikufika kabla Bamurange hajajua kwamba upepo uko kwenye shavu la kulia.

Alijua kama unavyojua kwamba umevaa kiatu cha mguu mwingine. Lakini mbele yake alikuwepo Mwalimu, mwenye ramani na dira mkononi, mtu aliyesoma miaka ishirini na zaidi na ambaye sasa alikuwa akiwafundisha Wamarekani wenyewe habari za ardhi yao. Bamurange alijiambia labda upepo umegeuka. Alijiambia pia kwamba ile ni nchi ya watu, nayo ina upepo wake. Akafyata ulimi, akafuata.

Walikwenda hivyo dakika arobaini. Kananu aliongoza kwa bidii, akisimama kila mara kutazama dira na kurekebisha njia. Alizama mara mbili mpaka kiunoni, na Bamurange akamvuta. Hawakuona jozi nyingine wala unyayo. Kisha ukungu ukapasuka kidogo, na upande wa kushoto, chini ya mteremko, likaonekana pipa la buluu lenye matundu ya risasi.

Bamurange alisimama. Kananu alilitupia jicho lile pipa, akapita. Alikwenda hatua kama ishirini hivi ndipo alipogundua kwamba yuko peke yake. Akageuka.

"Mwalimu," Bamurange alisema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, "upepo imehama. Kule ku waya ilikuwa inanipiga ku shavu ya kushoto. Toka tulivuka matope, inanipiga ku ya kuume."

Kananu alirudi akamwonyesha dira. Mshale mwekundu ulikuwa umetulia, bila wasiwasi wowote. Akasema upepo huzunguka mlimani, jambo hilo linajulikana, na dira haidanganyi. Sauti yake ilikuwa ya darasani.

"Bon," Bamurange alisema. "Ule bwana alisema upepo inatoka ku ziwa siku yote. Donc, ziwa imehama?"

Kananu alipangusa theluji kwenye kioo cha dira. Alitazama dira, akatazama upande upepo ulikotoka, na Bamurange akaona jinsi uso wake unavyobadilika polepole chini ya kofia. Hakusema amekosea. Alichukua dira akaitumbukiza kwenye mfuko wa nyuma, akamkabidhi Bamurange ramani.

"Mimi siwezi kuisoma hii," Bamurange alisema.

"Nitakusomea. Wewe shika njia."

Wakageuka. Bamurange aliweka upepo kwenye shavu la kushoto, akauacha hapo kama mtu aliyeshikwa bega. Hakuzunguka mafungu ya majani. Alikanyaga juu yake, kama walivyokanyaga wao watoto kule nyumbani, ambako ardhi ilikuwa kama hiyo. Kananu aliweka nyayo zake ndani ya nyayo za Bamurange. Kila baada ya muda alisoma kwa sauti: kutakuwa na mteremko upande wa kuume, kutakuwa na kijito. Mteremko ukaja, kijito kikaja. Walitoboa kituo cha tano saa tisa na robo. Kutoka hapo ilikuwa barabara ya msituni ya kushuka, nao wakakimbia kama hawajawahi kukimbia, mpaka Kananu akatapika pembeni mara moja, akafuta mdomo kwa theluji, akaendelea.

Walifika kituo cha sita saa kumi na dakika kumi na moja.

Mama mmoja aliyevaa koti la chungwa alikuwa akikunja meza. Aliwatazama, akatazama saa, akawaambia kwa upole kwamba anasikitika sana. Kananu alijaribu kueleza. Yule mama alisikiliza yote, akarudia kwamba anasikitika. Kisha akawapa blanketi na kuwapandisha kwenye pikapu pamoja na jozi nyingine iliyoshindwa, wanaume wawili wenye midomo ya buluu. Kananu aliishika kadi yenye matundu matano mapajani njia nzima.

Kwa Clémence walioga maji ya moto, wakakaa jikoni mbele ya bugali na sombe ya majani ya muhogo na dagaa. Clémence aliona hali ikoje, akaenda chumbani kuongea na simu. Kananu hakula. Alikuwa ameitoa dira na kuiweka juu ya meza karibu na dirisha, ambako jua la jioni lilikuwa linazama, akaigeuza geuza. Jua lilikuwa magharibi, kama kawaida yake. Mshale mwekundu ulikuwa unaonyesha kusini.

Ilimchukua dakika kumi kwenye simu kujua sababu. Ndani ya simu mna sumaku ndogo, na dira ikikaa nayo mfuko mmoja kwa muda, mshale unaweza kugeuka kabisa, ukafanya kusini kuwa kaskazini. Alimweleza Bamurange haya yote kwa makini, hatua kwa hatua. Halafu akauliza:

"Ulijua toka lini?"

"Toka tulivuka matope."

"Hiyo ni dakika arobaini."

"Njo vile."

"Na ukaninyamazia tu." Kananu hakupaza sauti. "Unajua tumechelewa na dakika ngapi, Mama Alliance? Kumi na moja. Uliniacha nipotee mbele ya macho yako, halafu unaniita mwalimu."

Bamurange aliosha mkono kwenye bakuli, akaukausha. Alijua neno la kusema ni samahani, nalo lilikuwa karibu, lakini aliona kwamba akilisema hilo tu, mambo yataishia hapo na kesho watakuwa vilevile.

"Kwetu," alisema, "mwenye kusoma akisema, mwenye ng'ombe ananyamaza. Weye njo ulikuwa na ramani."

Kisha akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia hata Ezéchias. Mwezi wa kumi, pale kazini, kulikuwa na bibi mmoja aliyemhudumia kila siku. Asubuhi moja alimwona midomo imekuwa na rangi ya majivu, na pumzi yake ina sauti kama ya mtu anayetembea juu ya majani makavu. Nesi alikuja akamtia kile kidude cha kidoleni, namba zikatoka nzuri, nesi akaandika akaenda zake. Bamurange alibaki amesimama na taulo mkononi. Aliona midomo, alisikia pumzi, akanyamaza kwa sababu mashine ilikuwa imesema. Mchana gari la wagonjwa likaja kumchukua yule bibi. Alirudi baada ya wiki mbili, lakini tangu hapo hakutoka tena kitandani.

Kananu aliigeuza dira kifudifudi mezani. Nje mtu alikuwa anachimba gari lake kutoka kwenye theluji, koleo likikwaruza.

"Lile pipa," Kananu alisema. "Mimi pia nililiona."

Bamurange alimtazama.

"Niliona ni lile lile. Nikajiambia ni lingine. Nilikuwa naogopa kugeuka nikuangalie." Alivuta sahani yake karibu, akamega bugali kidogo. "Basi ukiwa mlimani usiniite mwalimu tena. Niite Kananu. Mwalimu ananipoteza."

Bamurange akasema atajaribu. Wakala. Clémence aliporudi alikuta sufuria ya sombe imekwisha, akawapikia chai.

Jumapili walisali naye, wakamsaidia kuondoa theluji mlangoni, wakarudi Columbus wakiwa na miguu mizito kama magogo. Ezéchias aliuliza kama wameshinda. Bamurange alisema wamechelewa. Akauliza na medali, akasema hakuna. Ezéchias aliwaza, akasema hata hivyo wamerudi wote wawili, akamvutia kiti.

Msimu uliofuata walirudia yote matatu. Kananu alikuwa amekuja Whitehall Alhamisi nyingi kumfundisha Bamurange kusoma mistari ya ramani, nao uwandani wakabishana kwa sauti kutoka ua mpaka kijito, kila mmoja na yake. Walimaliza Buffalo wakiwa jozi ya kumi na tisa kati ya ishirini na tatu. Lakini hiyo ilikuwa baadaye.

Jumatatu ile ile baada ya kuchelewa Buffalo, Bamurange aliingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Alipokuwa akimvalisha mzee mmoja wa chumba cha mwisho, aliona mguu wake wa kushoto umevimba juu ya kifundo, na ngozi inang'aa. Nesi alikuwa amekwisha kupita na kuandika kwamba kila kitu ni sawa. Bamurange alisimama mlangoni, moyo ukimwenda mbio kuliko mlimani. Kisha akaenda mpaka kwenye meza ya nesi, akasema kwa Kiingereza chake, polepole, kwamba hapendi hali ya ule mguu, na kwamba anaomba autazame sasa hivi.

Nesi alishusha pumzi, akasimama, akaja. Aliinama, akabonyeza, akapima, akalinganisha mguu na mguu. Halafu akashika ukingo wa soksi iliyombana mzee, akaivuta chini. Ilikuwa soksi tu. Mzee mwenyewe alicheka.

Bamurange naye alicheka, uso ukimwaka kwa aibu. Akatafuta soksi pana zaidi kwenye droo, akamvalisha. Siku ya pili, alipoona mama wa chumba cha tatu hajagusa maji yake tangu asubuhi, alikwenda tena kwenye meza ile.